Dunia Nzima kwa Kikombe Kimoja

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua. Nitaizunguka dunia kwa baiskeli.

Asubuhi nilikuwa karakanani nikivua kitambaa cha kochi la Kipara, kinyozi wa ng'ambo ya barabara (hana unywele hata mmoja, na wateja bado wanamwamini). Akaingia msafiri. Ngozi imebabuka kwa jua, suruali imeisha magotini. Nje ameegemeza baiskeli yenye mifuko miwili. Tandiko lilikuwa limechanika, akaomba nimshonee. Nikamuuliza anatoka wapi, akataja nchi nisiyoijua. Nikamuuliza anakwenda wapi, akasema anazunguka. Nikadhani anazunguka mtaani. Kumbe anazunguka dunia!

Nikauliza vitu vyake viko wapi. Akanionyesha ile mifuko miwili. Akasema ni hivyo tu, maana kila anachobeba lazima akipandishe mlimani kwa miguu yake mwenyewe, kwa hiyo amejifunza kuchagua. Nikatazama karakana yangu. Makochi hadi darini. Maisha yangu yote natengeneza vitu vya kukalia. Hakuna mtu aliyewahi kufika popote kwa kazi ya mikono yangu.

Nikamshonea bure. Akaondoka akipiga kengele.

Mama watoto sijamwambia. Nitamwambia mpango ukishaiva. Tangu kitinda mimba wetu aondoke kwenda kufanya kazi mji wa pili, mama watoto amekuwa mkimya mkimya, na sitaki kumwongezea mawazo. Mimi ni mume wa namna hiyo.

Jumanne, 4 Machi

Hatua ya kwanza ni kupunguza vitu. Msafiri wa kweli hana mali.

Nimeanza na vile ambavyo hakuna atakayegundua. Saa ya ukutani, maana simu ina saa. Birika la pili. Redio, kwa sababu inakoroma. Viti vya plastiki tulivyokuwa tukiwatolea wageni, na siku hizi wageni wenyewe hawaji. Vyote nimempelekea Kipara kwa siri, mama watoto akiwa kazini. Yeye anafua mashuka katika nyumba ya wageni karibu na soko, na harudi mpaka jua lipoe.

Kipara akauliza kama tunahama. Nikamwambia afunge mdomo wake, nakwenda kuzunguka dunia. Akacheka mpaka akakalia mkasi. Alipoinuka akasema hata yeye aliwahi kufikiria jambo hilo, ila yeye angekwenda kwa miguu. Huyo ndiye Kipara. Ukimwambia una mafua, yeye aliwahi kulazwa.

Mama watoto akarudi, akavua viatu, akatazama ukuta. Akauliza saa iko wapi. Nikasema iko kwa fundi. Akauliza birika je. Nalo liko kwa fundi. Kisha akauliza kama na viti vya plastiki vimekwenda kwa fundi. Nikasema ndiyo, vina ufa. Akaniangalia, akaniangalia, akasema haya.

Hana habari kabisa.

Alhamisi, 6 Machi

Nina baiskeli. Nimeipata kwa shemeji, mdogo wake mama watoto, mwenye kibanda cha kutengeneza baiskeli nyuma ya shule. Tumebadilishana: yeye kanipa baiskeli ya chuma ya zamani, mimi nitamvalisha upya kochi lake la sebuleni. Ameapa kwa macho yake mawili kwamba hatamwambia dada yake. Shemeji ni mtu mzito. Siri ikiingia kwake, imeingia.

Tatizo ni tandiko. Gumu kama kizingiti. Nani atazunguka dunia juu ya kitu kile? Nikalivua mpaka likabaki chuma. Nikaweka springi za kochi, juu yake sponji ngumu, kisha sponji laini, nikafunika kwa kitambaa cha zambarau kilichobaki kwenye kazi moja ya ukumbi wa harusi. Nikapiga vifungo katikati. Nikarudi nyuma hatua chache nitazame kazi yangu.

Kuna kitu kilinikera. Kiti kimoja! Tangu nianze kazi hii sijawahi kutoa kiti kimoja. Seti ni seti. Kochi moja peke yake linanitia huzuni, ni kama mtu aliyenyolewa upande mmoja akaachwa. Mkono ukaenda wenyewe kwenye keria. Nikakata sponji kwa macho, bila futi, nikatengeneza cha pili cha kufanana na cha kwanza, chenye kiegemeo kidogo cha mgongo. Roho ikatulia. Kitafaa kwa mizigo.

Shemeji alipokuja kuona akauliza ni mizigo gani hiyo inayohitaji kuegemea. Nikamwambia ashughulike na spoku zake.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nilifanya mazoezi. Naandika nikiwa nimenyoosha mguu juu ya mto.

Nilichagua saa ya mchana, watu wakiwa wamejikalia ndani. Nikaanzia juu, kwenye tangi la maji. Mwanzo ulikuwa mtamu. Nakwambia, hakuna mfalme aliyewahi kukaa vile. Tatizo la springi za kochi ni kwamba zimezoea mtu anayekaa akatulia. Nilipoingia shimo la kwanza zikanirusha. Niliporudi chini zikanirusha tena, juu zaidi, na mteremko nao ukawa umekolea. Breki nilikuwa naziona, lakini kila nilipozifikia nilikuwa njiani kwenda juu.

Lango la nyumba ya wageni lilikuwa wazi. Katika milango yote ya mji huu, ndio huo uliokuwa wazi. Nikaingia uani kwenye kamba za mashuka. Nikapita shuka la kwanza, nikapita la pili, la tatu likaondoka na mimi.

Kulikuwa giza jeupe. Nikasikia hatua, shuka likafunuliwa usoni pangu taratibu, na aliyelifunua ni mama watoto, mikono ina povu mpaka viwikoni. Akauliza nafanya nini. Nikasema najaribu baiskeli ya mteja. Akauliza tangu lini nimekuwa fundi baiskeli. Nikasema mteja ni rafiki. Baiskeli yenyewe ilikuwa chini ya rundo la mashuka, gurudumu moja tu nje likiendelea kuzunguka.

Msimamizi wa dobi, mama mwenye sauti ya kengele ya shule, akatoka kuuliza huyu mtu ni nani. Mama watoto akasema ni mume wangu. Alisema bila kuinamisha uso, mbele ya wenzake wote. Ningekuwa mimi ningesema simjui.

Akanikalisha kwenye ndoo, akaniosha goti. Kisha akaanza kufua yale mashuka upya. Nilimtuma mtu amwite shemeji aje aichukue baiskeli airudishe karakanani haraka, ikiwa imefunikwa.

Jumapili, 9 Machi

Balaa. Mama watoto alikuwa anatafuta dawa ya goti langu uvunguni, akavuta mfuko wangu wa safari.

Nilimkuta amevipanga vitu vyangu kitandani. Sahani moja. Kikombe kimoja. Kijiko kimoja. Shuka moja. Tochi, sindano na uzi, na ramani ya dunia niliyoichana kwenye atlasi ya shule ya kitinda mimba. Nikangoja aulize ninakwenda wapi. Nilikuwa na jibu zuri, nimelitayarisha tangu Jumatatu. Hakuuliza. Aliinua kikombe, akauliza kama ni kimoja tu.

Nikasema ndiyo, kwa sababu ya milima. Nikamweleza yale ya msafiri, kwamba kila kitu unakipandisha mwenyewe.

Akavirudisha mfukoni kimoja kimoja. Lile shuka akalikunja upya, vizuri kuliko nilivyolikunja mimi. Akausukuma mfuko uvunguni, akaenda jikoni. Tumekula. Vijiko tu ndivyo vilivyoongea.

Nimewaza mchana kutwa. Nadhani nimepata kosa langu. Kikombe kile ni chake, kile cha maua ya bluu anachokipenda. Niliteua vibaya.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi nikamrudishia kikombe chake, nikamwonyesha kwamba nimechukua cha bati. Akatikisa kichwa, akachukua pochi, akaenda kazini. Basi si kikombe.

Nikapata mpango mwingine. Mwanamke akibaki peke yake anahitaji sauti ndani ya nyumba. Redio! Nikaenda kwa Kipara. Ameiweka juu ya kioo, wateja wanasikiliza habari huku wananyolewa. Akasema kilichotolewa kimetolewa. Nikamwambia niliazimisha. Akasema sikuazimisha, nilikuwa napunguza mali. Akasema ataiachia nikimaliza kochi lake leo leo. Nimeshona mpaka kidole kikafa ganzi, na muda wote anapiga kelele toka ng'ambo kuuliza kama dunia bado ipo mahali pake.

Jioni nikaiweka redio mezani, nikatafuta stesheni yenye mtangazaji mchangamfu. Mama watoto alipoingia nikamwambia huyu ndiye atakayekuwa anaongea naye.

Akakaa. Hata viatu hakuvua. Akasema nyumba hii imekuwa kubwa tangu binti yetu aondoke. Akasema mara nyingi akifika mlangoni anasikia kama kuna mtu ndani, anaingia, hakuna mtu. Akasema redio itamwambia bei ya mafuta na hali ya hewa, lakini haitamuuliza leo umeshindaje. Mimi nikiondoka, akasema, jioni atamwambia nani kwamba amechoka?

Halafu akalia. Si kwa sauti. Alikuwa amekaa tu, machozi yanashuka, na mikono yake ya sabuni imelala mapajani. Moyo uliniuma sana. Nikazima redio.

Nilitaka kumwambia siendi. Mdomo ukafunguka kabisa. Kisha nikakumbuka ile kengele ya msafiri ikipungua barabarani, mdomo ukafunga. Mimi ni mtu gani?

Jumatano, 12 Machi

Siku nyingine mtu hapaswi kuandika chochote, akae tu ashukuru. Lakini naandika.

Mama watoto alikuja karakanani baada ya kazi. Hajafika pale tangu nikarabati dari. Alikuwa na mfuko wa nailoni, ndani yake suruali yangu ya mazoezi, ameishona goti. Akasema amefikiri. Akasema kama jambo hili liko moyoni mwangu, basi niende, yeye si wa kumfunga mtu mguu. Ila nichukue kile kikombe chake cha maua, ninywee hicho huko ninakokwenda, angalau nimkumbuke. Akakitoa akakiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa.

Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Ndiyo iliyonimaliza.

Nikageuka nipate pa kuficha uso, nikaigonga baiskeli, turubai likaanguka. Akaitazama. Akatazama tandiko la zambarau, akatabasamu kidogo, maana anayajua mambo yangu. Kisha akatazama nyuma. Akauliza kile cha nyuma ni cha nani.

Hapo mume mwenye akili angejua la kusema. Mimi nikasema cha mizigo.

Akauliza tangu lini mizigo ikawa na mgongo. Nikaanza kumweleza habari za seti, kwamba fundi hawezi kutoa kiti kimoja, kwamba ni desturi ya kazi. Hakunisikiliza. Akakusanya gauni lake, akakaa.

Mimi hii ndiyo kazi yangu. Nikimwona mtu amekaa, najua kama kiti ni chake au amekiazima. Kile kilikuwa chake. Upana ulikuwa wake. Kimo cha kiegemeo kilikuwa chake. Mgongo wake huuma upande wa kushoto ikifika jioni, kwa kuinama kwenye karai, na upande ule sponji ilikuwa nene zaidi. Nikaibonyeza kwa kidole nihakikishe. Nene kabisa. Sikumbuki kuiweka.

Akaegemea, akafumba macho. Akauliza tena, kwa upole, hiki ni cha nani, baba watoto?

Nikasema sijui. Nikasema mikono ilikata yenyewe. Nikasema huenda mikono yangu ina akili kuliko mimi.

Akasema hilo alilijua siku nyingi. Akacheka. Kicheko chenyewe, kile cha zamani, ambacho sikuwa nimekisikia tangu kitinda mimba apande basi. Nikasimama pale na kidole changu kwenye sponji kama mjinga, na nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza. Tulitembea nyumbani kwa miguu, tukiisukuma baiskeli kila mtu upande wake.

Alhamisi, 13 Machi

Kumbe shemeji alimwambia dada yake kila kitu tangu ile Alhamisi aliyoniapia. Kila kitu! Mama watoto alikuwa anangoja nimwambie mwenyewe. Nimemuuliza shemeji na yale macho mawili je. Akasema moja linamsumbua siku nyingi.

Kochi lake litangoja.

Jumapili, 16 Machi

Mama watoto amesema hatabebwa kama gunia. Anataka kuendesha. Utotoni baiskeli ilikuwa ya kaka zake, yeye aliishia kuisukuma ikipata pancha. Miaka yote tumeishi naye, sikuwahi kujua kwamba anaitamani.

Tukaenda uwanja wa shule. Springi nimezitoa, nimebakiza sponji. Nikashika keria, yeye akakanyaga. Mwanzo alinielekeza mimi kuliko alivyoielekeza baiskeli. Kisha akanyooka. Nilikimbia nyuma yake nikimwambia nimekushika, nimekushika, na nilikuwa nimeshamwachia. Alizunguka uwanja mzima akidhani niko nyuma. Alipopita mbele yangu akanikuta nimeinama, nimeshika magoti, natafuta pumzi, akashtuka. Hakuanguka. Akapiga kengele akaendelea!

Kipara alikuja kutazama. Akasema yeye alijua baiskeli kabla hajajua kutembea, tena bila kushika usukani. Akaomba atuonyeshe. Tumemtoa mtaroni salama, isipokuwa ndala moja.

Baadaye tukakaa majanini, tukanywa chai kwa zamu katika kile kikombe. Nikamuuliza kama bado amekasirika. Akasema hakukasirishwa na dunia, dunia haijamkosea. Kilichomuuma ni kusikia habari za maisha yake kutoka kwa mdogo wake, kisha kutoka uvunguni mwa kitanda. Akasema hataki zawadi, hataki redio, hataki kushtukizwa. Anataka jambo moja tu: lolote linalomhusu, nimuulize kwanza. Kabla ya saa, kabla ya birika, kabla sijamwambia Kipara. Na kuhusu kuzunguka dunia, akasema tuanze na mji wa pili, tukamwone binti yetu, mengine tutaongea huko mbele.

Nikamwahidi. Si ahadi ya mdomoni. Niliisikia ikiingia mpaka kwenye mifupa. Mke kama huyu si wa kufichwa kitu.

Jumanne, 18 Machi

Nimefikiria sana maneno ya mama watoto. Anastahili kuulizwa. Lakini nilipokaa nikayapima, nikaona kuna jambo moja litakalomzuia kujibu kwa moyo mweupe, nalo ni kazi. Nikimuuliza leo kama tuizunguke dunia pamoja, atasema na mashuka je. Atakosa usingizi bure. Vyema nimwondolee kikwazo hicho kwanza, ndipo nimuulize vizuri, kwa utulivu.

Kwa hiyo asubuhi, yeye akiwa uani kwenye kamba, nilipita mlango wa mbele nikaonana na msimamizi wa dobi. Nikamwambia mwisho wa wiki mama watoto anaacha kazi. Yule mama alishtuka, akakaa. Akasema hakuna anayekunja shuka kama yeye. Akasema tena kwamba walikuwa wanajiandaa kumpa yeye usimamizi, maana mwenyewe anastaafu, na walitaka kumwambia wiki hii. Nikamshukuru sana, nikamwambia ampe mtu mwingine. Alifuta machozi. Mimi pia yalinitoka kidogo, kwa jinsi wanavyompenda.

Wenzake watamfanyia sherehe ya kumuaga. Wamekubali wote kunyamaza asijue mapema. Nyumba nimemwachia Kipara aitunze, ameshaanza kupima madirisha kwa ajili ya mapazia yake. Shemeji sikumwambia. Huyo hana siri.

Naandika nikiwa kizingitini. Mama watoto anazunguka nyumba kwa baiskeli, kila akipita ananipungia mkono. Ananiuliza mbona natabasamu peke yangu. Namwambia hakuna kitu.

Ijumaa wanamuaga. Jumamosi nitamuuliza.